Kabla ya Kuhesabu Mabao, Tuhesabu Watoto

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi mbele ya wazazi, walimu, viongozi wa mitaa na vijana wa pande zote mbili za mpaka wa Busia, kuhusu kuanzisha na kuendesha klabu ya vijana ya mchezo wa lakrosi



Majuma machache yaliyopita walifika ofisini kwangu walimu wawili, mmoja wa upande huu wa mpaka na mwingine wa upande wa pili, wakifuatana na vijana sita. Vijana hao walibeba mfuko mrefu. Askari wa zamu aliyekuwa langoni aliufungua, akakuta ndani fimbo kumi na mbili. Mtakubaliana nami kwamba katika kazi yetu vijana sita wenye fimbo kumi na mbili hawakaribishwi chai. Waliulizwa maswali mengi kabla ya kuruhusiwa kuingia. Hatimaye mwalimu mmoja alitoa fimbo, akatuonyesha wavu uliofungwa kwenye ncha yake, akarusha mpira mdogo ukutani na kuudaka kwa wavu ule bila kuugusa kwa mkono. Askari yule yule aliyeufungua mfuko aliomba naye ajaribu. Aliukosa mara tatu, na vijana wakamcheka kwa adabu.

Walimu wale walitaka kuanzisha klabu ya lakrosi itakayowapokea vijana wa pande zote mbili. Wakaniuliza: polisi mnataka tufanye nini? Niliwaomba wanipe muda niwajibu mbele ya wazazi, kwa sababu jibu langu linawahusu wazazi zaidi kuliko linavyowahusu walimu. Jibu lenyewe ndilo hili ninalowasomea leo.

Mchezo wa watu wa mpakani

Kwanza tuufahamu mchezo. Lakrosi ulibuniwa na wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, muda mrefu kabla ya wageni kutoka Ulaya kufika kwao. Miongoni mwao ni Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa sita, ambao mpaka leo huuheshimu mchezo huu kama zawadi ya Muumba na kama dawa ya jamii.

Nawataja hao kwa sababu wao nao ni watu wa mpakani. Mpaka wa Marekani na Canada umepita katikati ya makazi yao. Eneo lao liitwalo Akwesasne lina sehemu iliyo Marekani na sehemu iliyo Canada, kama vile Wasamia na Wateso walivyo upande huu na upande ule wa mpaka wetu. Mwaka 2010 mashindano ya dunia ya lakrosi yalifanyika Manchester, Uingereza. Timu ya Wahaudenosaunee ilitaka kusafiri kwa pasipoti zilizotolewa na taifa lao wenyewe. Serikali ya Uingereza haikuzikubali, na timu ya watu waliouzaa mchezo huo ikakosa mashindano. Kwao hilo lilikuwa suala la heshima ya taifa, nami sina mamlaka ya kulihukumu. Ninachowaomba mkumbuke ni kwamba karatasi inaweza kuizuia timu ambayo hakuna mpinzani aliyeizuia. Sisi karatasi zetu ni nyepesi zaidi, na nyingi hupatikana katika juma moja, ikiwa tutazishughulikia mapema.

Katika kanda yetu mchezo huu si mgeni tena. Mwaka 2014 Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya wanaume, yaliyofanyika katika eneo la Denver, Marekani. Mwaka 2019 wasichana wa Kenya walishiriki mashindano ya dunia ya wasichana wenye umri wa chini ya miaka 19, huko Peterborough, Canada. Aidha, lakrosi itarudi katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Mara ya mwisho medali za Olimpiki kushindaniwa katika mchezo huu ilikuwa London mwaka 1908. Kwa hiyo kijana anayeshika fimbo leo hapa Busia hashiki kichekesho.

Kuanza kwa kidogo kilichopo

Walimu walinieleza kwamba wazo la kwanza la vijana lilikuwa kutafuta mfadhili, kununua sare, kisha kuanza mazoezi. Mimi nashauri tugeuze mpangilio huo.

Mtindo utakaochezwa kwenye Olimpiki ni ule wa wachezaji sita kila upande, na uwanja wake una urefu wa meta 70 na upana wa meta 36. Uwanja wa mpira wa shule nyingi unautosha na nafasi ikabaki. Mtindo wa uwanja mkubwa wenye wachezaji kumi unaweza kusubiri. Lango lake ni mraba wenye upana na kimo cha meta 1.83, na fundi wa kuchomelea wa hapa mjini anaweza kulitengeneza.

Zoezi la msingi linahitaji ukuta tu. Kijana hurusha mpira ukutani na kuudaka, kwa mkono wa kulia kisha wa kushoto, mara nyingi kila siku. Fimbo kumi na mbili zinaweza kuwafundisha vijana ishirini na wanne wakipeana zamu. Mwombeni mwenye ukuta kabla ya kuutumia. Malalamiko ya kelele na ya vioo vilivyovunjika huishia mezani kwetu.

Hapa nitaongea kwa ukali kidogo. Mpira halisi wa lakrosi ni wa raba ngumu isiyo na uwazi ndani, na uzito wake unakaribia gramu 145. Ukirushwa kwa fimbo huenda kwa kasi kubwa. Unaweza kuvunja meno na kupofusha jicho. Ukigonga kifua kwa bahati mbaya unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, hata wa mtoto mwenye afya njema. Kwa hiyo wanaoanza waanze na mipira ya tenisi, bila kugongana miili na bila kupigana fimbo. Mpira mgumu uletwe pale tu vifaa vya kinga vitakapopatikana. Kwa wasichana, miwani ya kinga na kinga ya meno. Kwa wavulana, ambao kanuni zao huruhusu kugongana, kofia ngumu yenye kinga ya uso, kinga ya meno, glavu na kinga za mabega na mikono. Mlinda lango, awe mvulana au msichana, asisimame mbele ya mpira mgumu bila kofia, kinga ya koo na kinga ya kifua. Kocha atakayesema kwamba vijana wetu ni wagumu na hawahitaji vitu hivyo, mwondoeni. Ugumu wa kijana haukingi jicho lake.

Usiku wa saa tatu

Sasa naingia katika jambo lililonileta.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudumu katika mji mwingine wa mpakani, ambao sitautaja. Kulikuwa na kocha mmoja wa mpira wa miguu, kijana mwema, aliyewafundisha watoto wa mtaa bila malipo. Siku moja alinifuata barabarani akaniambia kwamba Jumamosi angewapeleka watoto kucheza mechi ng'ambo ya mpaka. Nilimpongeza. Nilimshika mkono, nikamwambia endelea na kazi nzuri. Sikumwuliza idadi ya watoto. Sikumwuliza watavukia wapi, wala ni nani atakayefuatana naye. Nilivaa sare ya kazi, na yeye akaichukua pongezi yangu kuwa ruhusa.

Jumamosi ile saa tatu usiku mama mmoja aliingia kituoni. Mwanawe wa miaka kumi na moja hakuwa amerudi. Tulimwita kocha. Alisema walikwenda watoto kumi na saba. Baadaye akasema labda kumi na wanane, kwa sababu wawili walijiunga njiani. Walivuka kwa njia ya panya ili wasichelewe, na walirudi kwa makundi juu ya pikipiki za bodaboda. Nilimwuliza jina kamili la mtoto. Alijua jina la utani tu, lile la uwanjani. Nilimwuliza nani alimwona mara ya mwisho. Kila mtoto tuliyemwamsha alidhani mwenzake yuko kwenye pikipiki nyingine.

Mama yule alikaa kwenye benchi letu mpaka alfajiri. Hakulia wala hakutulaumu. Aliuliza swali moja, akalirudia: "Afisa, nani aliyewahesabu?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mtoto alipatikana kesho yake saa nne asubuhi, upande wa pili. Alikuwa ameachwa sokoni, na mama mmoja muuza samaki alimchukua, akampa chakula, akamlaza nyumbani kwake, kisha asubuhi akampeleka kwa mzee wa mtaa. Tulimshukuru Mungu na tukamshukuru mama huyo. Lakini kila mwenye kazi kama yangu anajua kwamba katika miji ya mpakani mtoto aliye peke yake usiku huonwa na watu wengi, na wote hawana moyo wa yule muuza samaki. Wapo wanaotafuta mikono midogo ya kubebesha magendo. Wapo wanaotafuta watumishi wa nyumbani wasiolipwa. Wapo wabaya zaidi ya hao.

Kocha yule hakuwa mhalifu. Alikuwa mtu mwema asiye na daftari. Nami nilikuwa ofisa mwenye pongezi nyingi na maswali machache. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, mtoto je?

Madaftari manne

Kwa sababu hiyo, sharti la kwanza nililowapa walimu wale si fimbo wala sare, bali madaftari manne ya kawaida, yale ya dukani.

La kwanza ni daftari la wanachama. Kila mtoto aandikwe jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa, shule, kijiji au mtaa, jina na simu ya mzazi au mlezi, simu ya mtu wa pili, na ugonjwa wowote ambao kocha anapaswa kuujua, kama pumu au kifafa. Pembeni pawe na idhini ya mzazi, kwa sahihi au kwa dole gumba. Mtoto asiye na idhini atazame mazoezi, asicheze.

La pili ni daftari la mahudhurio. Watoto wahesabiwe wanapofika na wahesabiwe wanapoondoka, na hesabu mbili zilingane. Anayechukuliwa mapema, aandikwe amechukuliwa na nani. Kazi hii huchukua dakika tano.

La tatu ni daftari la fedha. Fedha nyingi za klabu ndogo sasa hupita kwenye simu, na simu huwa ya mtu mmoja. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mweka hazina aandike kila kinachoingia na kila kinachotoka, hata kiwe kidogo, na stakabadhi zihifadhiwe. Anayepokea fedha asiwe yule yule anayeidhinisha matumizi. Kila mwezi hesabu isomwe mbele ya wazazi, wakiwemo wa upande wa pili, kwa shilingi za nchi zote mbili. Nimewahi kusuluhisha kesi za vikundi vilivyovunjika, na mara chache fedha zilikuwa zimeibwa. Mara nyingi zilikuwa hazikuandikwa, na dhana ikafanya kazi ya mwizi.

La nne ni daftari la vifaa. Kila fimbo ipewe namba. Anayeichukua atie sahihi, anayeirudisha atie sahihi, na vifaa vyote vilale mahali pamoja penye kufuli. Fimbo ya lakrosi mikononi mwa mchezaji ni kifaa; mikononi mwa mtu aliyekasirika barabarani usiku ni silaha, na sheria itaitazama hivyo. Fimbo zisibebwe ovyo baada ya mazoezi, na kwa vyovyote zisionekane kwenye mikutano ya siasa. Klabu ambayo vijana wake wataazimwa na mwanasiasa kwa siku moja itakuwa imekufa siku hiyo.

Watu wazima wanaokaa na watoto

Madaftari hayatoshi ikiwa wanaoyashika hawaaminiki. Klabu iwe na kamati ya watu wasiopungua watano: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwakilishi wa wazazi kutoka kila upande, na angalau mmoja wao awe mwanamke. Kocha apendekezwe na watu wanaomfahamu. Mwenyekiti wa LC I upande wa Uganda, au chifu na mzee wa mtaa upande wa Kenya, waulizwe juu ya mwenendo wake kabla hajapewa filimbi.

Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pa faragha. Wawepo watu wazima wawili daima. Msichana akiumia, ahudumiwe na mwanamke au mbele ya mwanamke. Kocha asimwandikie mtoto ujumbe wa simu usiku. Ujumbe wa klabu uende kwa mzazi. Viboko havina nafasi uwanjani. Na mtoto asiambiwe kamwe kwamba jambo fulani ni siri yetu ya timu.

Mtoto au mzazi akiona jambo lisilo sawa, asisubiri mkutano wa kamati. Afike kituo cha polisi kilicho karibu na aombe maafisa wanaoshughulikia watoto na familia, au apige 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto inayotumika Uganda na Kenya pia.

Kuvuka mpaka

Nitawasimulia kisa kimoja cha historia ya mchezo huu. Tarehe 2 Juni 1763, wapiganaji wa Kiojibwe na washirika wao walicheza mchezo wa fimbo na mpira mbele ya ngome ya Waingereza ya Michilimackinac, katika nchi ambayo leo ni jimbo la Michigan. Askari walitoka kutazama, na lango likabaki wazi. Mpira ukarushwa karibu na lango, wachezaji wakaukimbilia, wakachukua silaha ambazo wanawake walizificha ndani ya mablanketi yao, na ngome ikatekwa. Watu hao walikuwa wakipigania nchi yao, nami siwalaumu. Lakini mtu wa usalama hujifunza kitu hapo: mbele ya mchezo, malango hufunguka na macho hulegea.

Mlanguzi wa watoto analijua hilo. Kundi la watoto wenye sare za michezo hupita mahali ambapo kundi la watoto wasio na sare lingesimamishwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu zina adhabu kali. Hata hivyo sheria humfikia mhalifu baada ya mtoto kuumia. Orodha humzuia kabla. Ndiyo maana tutawasimamisha hata ninyi tunaowafahamu, nanyi msikasirike.

Kila safari ya kuvuka ifuate utaratibu huu. Juma moja kabla, orodha ya watoto na watu wazima wanaofuatana nao ipelekwe kwa uhamiaji na polisi wa pande zote mbili, ikionyesha siku, saa ya kwenda, saa ya kurudi na mahali pa mechi. Maafisa wa uhamiaji waulizwe hati gani kila mtoto anahitaji, kwa kuwa wao ndio wenye neno la mwisho, na barua za idhini za wazazi ziambatanishwe. Namba ya fimbo itajwe, ili mfuko ule usizue maswali tena. Mvuke kwenye kituo cha pamoja cha mpakani peke yake. Njia za panya ni marufuku kwa klabu hii, hata kama uwanja uko karibu na mto na kituo kiko mbali. Watoto wasafiri katika gari moja au waende kwa miguu pamoja, wala wasigawanywe kwenye bodaboda. Wahesabiwe kabla ya kuvuka, baada ya kuvuka, kabla ya kurudi na baada ya kurudi. Hesabu isipolingana, hakuna anayeondoka mahali hapo, hata mvua ikinyesha.

Tunachoahidi, na tusichoahidi

Polisi hatutaimiliki klabu hii. Haitakuwa na jina letu, na hatutawaomba vijana watupelelezee majirani zao. Atakayewaambia kwamba klabu ni mtego wa polisi, mwonyesheni aya hii itakapochapishwa.

Tunachoahidi ni hiki. Afisa mmoja wa polisi jamii atafika kwenye mazoezi mara moja kila mwezi, naye ataomba kuona madaftari manne kabla ya kuomba kuona mchezo. Tutazungumza na wenzetu wa upande wa pili ili orodha moja itambuliwe na wote. Na mzazi yeyote akija kituoni saa tatu usiku kuuliza mwanawe yuko wapi, tuwe na ukurasa wa kufungua.

Ninyi vijana, mmeleta mbele yetu jambo jema. Katika mji huu kijana wa miaka kumi na minne huitwa na watu wengi wanaotaka kutumia miguu yake kubebea mizigo yao gizani. Klabu itamwita mchana, kwa jina lake kamili, na itajua saa aliyorudi nyumbani. Chezeni, shindeni, shindweni, mwende mbali kama waliokwenda Denver na Peterborough. Lakini kila jioni, kabla ya kuuliza mabao yalikuwa mangapi, mmoja wenu afungue daftari awahesabu wenzake.

Walimu wale wawili waliporudi ofisini juma lililopita, walileta daftari la kwanza. Lina majina ishirini na mawili. Nililisoma lote, nikauliza maswali ambayo sikuyauliza zamani.

 Mungu awalinde watoto wetu wa pande zote mbili.